Rangi ya Maji Jumamosi Ile

Mwaro Thoya alikunja mkono wa shati mpaka begani, akauchovya mkono tangini. Vidole vilipotea kwanza, kisha kiganja, kisha kifundo, na maji yalipomfika kwenye kiwiko hakuwa na mkono tena. Alikuwa na bega lililoishia ndani ya mchuzi wa mchicha. Miaka ishirini na moja ya upelelezi, ameshika wezi wa ng'ombe, ameshika waliochoma nyumba za watu, na leo anachunguza bakuli la samaki.

"Basi?" aliuliza Peterson.

"Basi nini? Sioni kitu."

Peterson alikuwa fundi wa samaki kutoka Watamu, kijana mrefu mwenye pikipiki, anayefuga samaki wa urembo na kuhudumia matangi ya mahoteli. Mwaro alimwita asubuhi ile kwa sababu hakumjua mtu mwingine yeyote Malindi wala Kilifi nzima aliyeyajua mambo hayo. Nyuma yao, kwenye kiti cha mgongo mrefu, alikaa Bi Nasiba na tasbihi mkononi, akiwatazama kama mtu anavyowatazama mafundi watakaomchafulia zulia.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi, na ufupi wake ndio uliomkera Mwaro. Bwana Harith Stambuli, mwenye nyumba hii ya Shela, alizikwa Ijumaa, wiki mbili zilizopita. Katika mtoto wa meza ofisini mwake aliacha bahasha ya khaki yenye hati ya shamba lake la Mambrui. Jumamosi ya wiki iliyopita, siku nane baada ya maziko, bahasha ilitoweka. Bi Nasiba, dada wa marehemu, aliandikisha kwamba siku hiyo baada ya sala ya alasiri alikuwa amekaa kiti hikihiki, na kwamba kupitia tangi hili, lililojengewa ukutani baina ya ukumbi na ofisi, kioo huku na kioo kule, alimwona Dzombo akifungua mtoto wa meza na kuitia bahasha kifuani. Dzombo alikuwa mtumishi wa nyumba hiyo kwa miaka kumi na minne. Tena aliishi na mkewe na watoto wanne ndani ya shamba lilelile la Mambrui, bila kipande cha karatasi, kama wengi wa pwani hii. Shahidi alikuwepo, na sababu ya kuiba ilikuwepo. Mahakama ilimweka ndani siku saba uchunguzi ukamilike, na siku ya saba ilikuwa keshokutwa, Jumatatu. Mansur, mwana wa Bi Nasiba, alikwisha kupeleka salamu Mambrui kwamba familia ya mwizi iondoke kabla ya mwisho wa mwezi.

Tundu katika kesi lilikuwa moja tu. Dzombo alisema Jumamosi ile hakuna mtu ambaye angeona kitu kupitia tangi, kwa kuwa maji yalikuwa kijani. Bi Nasiba akasema yalikuwa meupe, safi ya kuona upande wa pili, yakaharibika baadaye, Dzombo alipokamatwa na samaki wakakosa wa kuwaoshea. Ama huyu mwongo ama yule, na njia ya kumjua ni kujua maji yaligeuka lini. Mwaro alipomweleza hivyo mkuu wake, mkuu alicheka mpaka akakohoa. "Mwaro," alisema, "mtu wa kwenu amekupata." Mwaro ni Mrabai na Dzombo ni Mgiriama wa Mambrui, lakini kwa mkuu, wote wawili walikuwa wa kwao huko.

Alifuta mkono kwa leso. "Haya, nieleze. Huu ni uchafu gani?"

"Si uchafu, afande. Ungekuwa uchafu ungetua chini. Na maji yangekuwa na ukungu kama tui, ningekwambia mtu kayamwaga yote akatia mengine kwa mkupuo. Haya ya kijani ni mimea. Midogo, jicho haliioni mmoja mmoja, lakini kila tone limejaa. Inataka vitu viwili, jua na mbolea. Mbolea ni mavi ya samaki na chakula kinachobaki."

"Na watoto wa matanga walikuwa wakiwatupia mikate," alisema Bi Nasiba. "Niliwakataza mpaka sauti ikanikauka."

"Basi wamekula na mimea imekula," alisema Peterson. "Dawa yake ni giza. Unafunika tangi kwa blanketi siku nne, unazima taa, unapunguza chakula. Unabadilisha maji theluthi tu. Sponji ya chujio unaisuuza kwa maji ya tangi lenyewe, usiitie sabuni. Yatarudi meupe."

"Mimi sitaki yarudi meupe," alisema Mwaro. "Nataka kujua yaliharibika lini."

Peterson alijikuna kidevu. Alitazama tangi, akatazama dirisha kubwa la upande wa magharibi, akaenda akasimama mbele yake. Juu ya dirisha fimbo ya pazia ilikuwa tupu.

"Dirisha hili halina pazia?"

"Lilivuliwa Jumatatu likafuliwe," alijibu Bi Nasiba pale pale. "Nyumba ya matanga, watu wanaingia wanatoka. Lilikuwa vumbi tupu."

Jumatatu, Dzombo alikwisha kuwa ndani siku nzima. Peterson alihesabu kwa vidole, Jumatatu mpaka Jumamosi ya leo. "Siku sita. Jua la mchana linaingia moja kwa moja mpaka kwenye kioo. Kwa jua hili, na samaki wanaolishwa ovyo, siku sita zinatosha."

"Kwa hiyo yalikuwa meupe Jumamosi iliyopita."

"Huenda. Huenda pia yana wiki mbili. Yakishafika kijani hiki, ya siku sita na ya wiki mbili yanafanana, afande. Mimi mbele ya hakimu siwezi kuapa."

Mwaro alitamani kumchovya kichwa humo tangini. Amemtoa mtu Watamu, amemnunulia petroli, na mtu huyo amemwambia kile ambacho Mwaro alikijua tangu Alhamisi, yaani si kitu.

Palibaki mtu mmoja wa kuulizwa. Bi Mahira, mjane wa marehemu, alikuwa katika eda, miezi ya mjane kukaa ndani. Alikaa vyumba vya ndani, mwisho wa ujia mrefu uliofungwa kwa pazia, na mwanamume asiye maharimu wake, jamaa wa karibu asiyeweza kumwoa, hakumwona wala hakukaa naye kuzungumza. Mwaro hakuwa Mwislamu, na kwa hiyo alijichunga maradufu, maana mgeni akiteleza kwenye nyumba ya watu huambiwa hakulelewa. Tangu Alhamisi kila swali lake kwa mjane alilipeleka kupitia wifi yake.

"Bi Nasiba, nisaidie tena. Muulize Bi Mahira, Jumamosi iliyopita, kabla Dzombo hajakamatwa, maji ya samaki yalikuwa na rangi gani?"

Bi Nasiba alinyanyuka kwa kuguna, akashika ujia, akapotea nyuma ya pazia. Alikaa huko kwa muda wa mtu kunywa kikombe cha kahawa, akarudi.

"Yuwasema yalikuwa meupe. Na yuwasema umuwie radhi, kichwa chamuuma, maswali haya hayaishi."

Mwaro aliandika kwenye daftari, akalifunga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Dzombo aliletwa katika chumba cha mahojiano kituoni, akaketi na mikono magotini. Alikuwa mwembamba, na ndevu za siku saba zilimwongezea miaka kumi.

"Anzia mwanzo," alisema Mwaro. "Maji yaligeuka lini?"

"Siku chache baada ya mzee kuondoka."

"Siku chache ni ngapi?"

"Afande, kulikuwa na watu mia nyumbani. Nilikuwa nabeba masufuria na mikeka. Sikuwa nahesabu siku."

"Hesabu sasa."

Dzombo alijaribu. Midomo ilitembea, vidole vikafunguka na kufunga, na mwisho alitikisa kichwa. "Niliona yanaingia rangi kidogo, kama chai ya majani mabichi. Nikasema samaki wanamlilia mzee. Yeye ndiye aliyekuwa akiwalisha kila asubuhi. Nikasema wakizoea yatatulia."

"Samaki wanalia maji ya kijani?"

"Ulitaka niseme nini? Sikusomea samaki." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Hayakutulia. Basi nikawa nayabadilisha. Ndoo nane natoa, ndoo nane natia. Kesho yake yamerudi yaleyale. Nikatoa tena. Mara tatu, afande, na kila nikibadilisha yanazidi. Nikaona kama nimerogwa."

"Maji ulichota bombani?"

"Bomba lilikuwa la wageni, la kupikia na kutawadhia. Nilichota kisimani, pale uani."

Mwaro aliinua macho. "Nani alikuona ukimwaga?"

"Wote, na hakuna. Nani atamtazama mtumishi anamwaga ndoo kwenye matanga?"

"Wapishi?"

"Wa kukodi. Wamerudi kwao, sijui hata majina."

"Dzombo, unataka kutoka au hutaki?"

"Wewe waniuliza mimi, mwenehu?" alisema Dzombo, na neno hilo la kindugu lilimuudhi Mwaro kuliko tusi, maana lilikuwa ndilo neno ambalo mkuu wake alikuwa akimngojea aliitikie. Alimwita askari, akamrudisha Dzombo ndani.

Hata hivyo alirudi Shela mchana uleule, akachota ndoo moja kisimani, akamfuata Peterson ambaye alikuwa bado anakula biriani karibu na soko. Peterson alitoa vipande vyake vya karatasi za kupimia, akachovya kimoja, akangoja. Kikaingia wekundu.

"Kisima hiki kiko wapi?"

"Uani. Hatua sita kutoka chooni."

"Basi ndiyo hayo. Choo cha shimo cha miaka mingi, kisima jirani, haya si maji, afande, ni mbolea. Mtu akitia haya kwenye tangi lenye jua ni sawa na mkulima kumwagia mchicha. Kila ndoo aliyotia alikuwa anailisha ile mimea. Maskini, amekazana kuosha na ndiye aliyekuwa akiharibu."

"Kwa hiyo kweli alibadilisha."

"Kama alibadilisha. Mimi nimepima kisima, sikupima alichofanya yeye."

Mwaro aliimwaga ndoo barabarani. Kila mlango aliousukuma ulifunguka kidogo tu, ukaishia kwenye mnyororo. Alijua sasa kwa nini maji yalikataa kutakata, alijua mtumishi amesema jambo ambalo hakuna mwongo angelibuni, maana mwongo hajitii ujinga wa aina hiyo, na bado hakuwa na siku moja ya kumwonyesha hakimu. Jioni mkuu alimpigia simu. Faili liwe mezani kwa mwendesha mashtaka Jumatatu saa mbili asubuhi, na lisiwe na hadithi za samaki ndani yake.

Jumapili alirudi Shela saa tisa na nusu. Hakuwa na mpango. Alikaa ukumbini akamuuliza Bi Nasiba maswali yaleyale kwa mpangilio mwingine, naye akajibu majibu yaleyale kwa mpangilio uleule. Jua liliingia dirishani, likampiga Mwaro kisogoni, likapita likaangukia kioo, na tangi zima likawaka kijani kama jani la mgomba.

"Uliona bahasha, au uliona mkono?"

"Niliona bahasha. Ya khaki."

"Mkono gani uliishika?"

"Wa kulia. Inspekta, nimeapa kwa msahafu kituoni. Au kiapo changu hakitoshi kwa kuwa mtuhumiwa ni ndugu yako?"

Mwaro aligeuza ukurasa wa daftari. Adhana ya alasiri ilianza. Bi Nasiba alinyanyuka, akasema anakwenda kusali, mgeni akitaka kungoja angoje, akitaka kwenda mlango anaujua. Alipanda ngazi.

Mwaro alibaki na samaki asiowaona. Alikwisha kufunga daftari ili aondoke aliposikia sauti ya mwanamke kutoka ujiani, si kubwa, ya mtu asiyezoea kupaza.

"Mwanangu, ni wewe askari?"

Alisimama. "Ndimi, mama. Shikamoo. Na pole kwa msiba."

"Marahaba. Nimeshapoa." Sauti ilikuwa nyuma ya pazia kabisa. "Usije karibu, papo hapo panatosha. Nataka kukuuliza. Dzombo yuwaendeleaje? Siku nane hizi nangoja uje uniulize habari zake, nawe huniulizi. Nikasema labda hawa watu wa serikali hawaulizi wanawake."

Mwaro alifungua tena daftari. "Mama, nimekuuliza. Alhamisi nimekuuliza, na jana nimekuuliza."

"Nani?"

"Kupitia kwa Bi Nasiba. Jana nilikuuliza maji ya samaki yalikuwa na rangi gani Jumamosi iliyopita. Ukasema yalikuwa meupe, na kichwa kinakuuma."

Pazia lilivutwa kidogo, kisha likatulia.

"Jana wifi alikuja kuniuliza kama nataka uji," alisema Bi Mahira. "Meupe? Maji yale yalikuwa yananuka mpaka huku ndani. Dzombo alikuwa akimwaga ndoo zake uani, chini ya dirisha langu. Jumatano, siku ya sita ya msiba, nilimpigia ukelele mwenyewe, nikamwambia mwaga kwingine baba, hili jani linanuka. Akaniomba radhi. Ijumaa akamwaga tena, kule mbali. Niliyaona kwa macho yangu, kijani kibichi."

Mwaro aliandika, na kalamu ilikuwa ikitoboa karatasi. Siku tatu alikuwa amekaa hatua kumi na mbili kutoka kwa shahidi wake, akijisifu kwa adabu. Alimkabidhi mwongo maswali yake yote mkononi, akamshukuru kila aliporudi na majibu. Hakukuwa na mtu wa kumlaumu kwa hilo ila yeye, na alijilaumu kwa maneno ambayo hayafai kuandikwa.

"Mama, jambo moja jingine. Pazia la dirisha hili la ukumbini lilivuliwa siku gani?"

"La ukumbini? Si hili nililolishika? Siku ya maziko, Ijumaa ileile. Mlango wa ujia haukuwa na pazia, na watu walikuwa wanaingia. Wifi mwenyewe alimwambia Dzombo alivue dirishani alitundike hapa. Ni refu, laburura chini, usiku lanikwaza miguu."

Mwaro aliliangalia pazia kwa mara ya kwanza, ingawa alikuwa amelitazama siku tatu. Lilikuwa na upana wa mara mbili ya mlango, limekunjwakunjwa. Mikunjo ya nje ilikuwa imepauka kwa jua la miaka, na ujia huo hauna jua. Chini lilijikunja sakafuni karibu dhiraa nzima. Siku nane za dirisha wazi kabla ya Jumamosi ile, si sita za tangu Jumatatu. Na maji ya kisima mara tatu juu yake. Alipiga simu Watamu.

"Peterson. Dirisha liko wazi tangu Ijumaa ya maziko, na maji ya kisima yametiwa mara tatu kabla ya Jumamosi. Mtu amekaa ukumbini, mwenzake yuko ofisini. Angemwona?"

"Asingeona hata samaki, afande. Hilo naapa."

Bi Nasiba aliposhuka ngazi bado na kanga ya sala kichwani, alimkuta Mwaro amesimama kando ya tangi, na pazia la ujia likitikisika kidogo. Alitazama moja, akatazama jingine. Akakaa kwenye kiti chake.

"Bi Nasiba, uliniambia pazia limekwenda kufuliwa Jumatatu."

"Nilisema hivyo."

"Kwa nini?"

"Yule mvulana wa samaki aliuliza, nami nikajibu. Mtu husahau."

"Ulijibu pale pale, kama uliyejiandaa. Na kwa nini swali langu la jana halikufika kwa Bi Mahira?"

"Alikuwa amelala."

"Sikuwa nimelala, wifi," alisema Bi Mahira nyuma ya pazia. "Nilikuwa nimekaa, nawe uliniuliza uji. Jumatano nilipokwambia maji yananuka ulikuja dirishani ukayatazama pamoja nami. Uliziba pua."

Njia ya mwongo ni fupi, na Bi Nasiba alikuwa amefika mwisho wake. Hakulia, wala hakushika kichwa. Alizungusha tasbihi punje mbili tatu, kisha akaiweka mapajani.

"Hati ipo," alisema. "Haikupotea. Sikuiba kitu cha mtu, shamba lile ni la baba yangu."

Alipanda juu, Mwaro akamfuata mpaka mlangoni mwa chumba, akaona akifungua sanduku la nguo na kutoa bahasha ya khaki. Ndani mlikuwa na hati moja, imekunjwa mara tatu. Mwaro aliipindua bahasha, akaikung'uta. Waliporudi chini, Bi Mahira aliuliza kabla hajaambiwa.

"Zimo mbili?"

"Imo moja, mama. Hati ya shamba."

"Na ile aliyomwandikia Dzombo?"

Mwaro aligeuka. "Ipi hiyo?"

"Marehemu alimkatia Dzombo eka mbili, pale alipojenga. Aliandika mwenyewe kwa mkono wake, akaniambia ameitia pamoja na hati. Nilitaka kumwambia Dzombo siku ileile. Akasema ngoja, nikipona nitamwambia kwa kinywa changu, nimwone uso. Hakupona."

"Wewe uliiona karatasi, mama?"

"Niliambiwa. Sikuiona."

Mwaro alimtazama Bi Nasiba, naye akamtazama bila kupepesa.

"Hiyo niliichoma," alisema. "Kwenye chetezo, siku ileile niliyoitoa. Shamba la baba yetu haligawiwi mtumishi. Hati ningeirudisha, lakini usiku ule ule Mahira akaiulizia bahasha, na ingeonekana kwamba imefunguliwa. Ningesema nani kaichukua? Ningesema mimi?"

"Ukasema Dzombo."

"Dzombo ndiye angeaminika."

Alisema hivyo bila ubaya wowote usoni, kama anayeeleza bei ya nazi, na Mwaro alihisi hasira ikimpanda mpaka akalazimika kwenda dirishani kusimama. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba alikuwa amesema kweli. Hakimu angemwamini, mkuu alikwisha kumwamini, na yeye Mwaro mwenyewe alikuwa amebakiza asubuhi moja tu kabla ya kupeleka faili lilivyo. Alimwambia Bi Nasiba avae baibui, waende kituoni.

Jua lilikuwa bado halijazama alipofunguliwa mlango wa mahabusu. Dzombo alikuwa amekaa sakafuni. Mwaro alichuchumaa mbele yake, jambo ambalo hakulifanya kwa mahabusu.

"Kesho asubuhi mashtaka yanaondolewa. Hati imepatikana, na aliyeichukua ameshasema. Utatoka."

Dzombo alimtazama kwanza, kama anayengoja mwisho wa mzaha. Kisha alifunika uso kwa viganja, mabega yakamtikisika mara moja, akavishusha. "Ahsante, afande. Mungu akuweke. Mke wangu amejua?"

"Nitampigia nikitoka hapa."

Mwaro angeweza kusimama hapo. Alikuwa na habari njema mkononi, na ilikuwa njema ya kutosha. Lakini alikuwa amejaa siku tatu za mambo yaliyofichwa nyuma ya mapazia, na alidhani ukweli wote ni haki ya mtu. Akamwambia. Kwamba mzee Harith alikuwa amemkatia eka mbili, pale pale alipojenga. Kwamba aliandika kwa mkono wake. Kwamba alikuwa akingoja apone amwambie mwenyewe.

Uso wa Dzombo ulifunguka taratibu. "Mzee alifanya hivyo? Mimi? Karatasi iko wapi?"

"Imechomwa."

"Yote?"

"Yote. Bi Mahira atasema alichoambiwa, lakini hakuiona, na hakuna aliyeshuhudia. Kadhi atauliza karatasi. Wenye kurithi wakikataa, sina cha kukudanganya."

Nje askari wa zamu alikuwa akiwaita mahabusu kwa majina waje wapate chakula. Dzombo alitazama miguu yake isiyo na viatu, akaipangusa vumbi kwa kiganja, mmoja baada ya mwingine.

"Afande," alisema, "miaka kumi na minne nimelala pale nikijua si pangu, na usingizi nilikuwa naupata. La kutoka lingenitosha. Hili jingine umeniambia la nini?"

 Mwaro alisimama, akamwita askari aje kufunga mlango.